Maktaba Ianzie Mizanini

Neno la Mhariri

Msimu wa masoko ya tumbaku unapofika Usoke, mkoani Tabora, mkulima hurudi nyumbani na karatasi. Imeandikwa namba ya mtumba, uzito wake, daraja lililotolewa na mteuzi, na bei. Daraja ni herufi na tarakimu: alama moja inaeleza jani lilichumwa sehemu gani ya mche, nyingine ubora wake, nyingine rangi iliyopatikana baada ya jani kukaushwa kwenye bani. Kwa miaka mingi bei imekuwa ya dola za Marekani kwa kilo, ingawa ada ya mtoto, unga na dawa vinalipiwa kwa shilingi. Chini yake yanakuja makato ya pembejeo alizokopeshwa mkulima kupitia chama cha msingi. Kwa kaya nyingi za wilaya ya Urambo hakuna andiko jingine lenye uzito kama hilo mwaka mzima, na asiyeweza kulifumbua humuuliza aliyesimama jirani, ambaye naye huenda anakisia. Toleo hili linazungumzia maktaba za umma, huduma zake kwa jamii na shughuli zinazowakusanya watu ndani yake. Nimeanza na karatasi ya tumbaku kwa makusudi. Ninachotetea hapa ni kwamba maktaba ya mahali kama Usoke ianzie mizanini, pale kusoma kunapomgusa mtu mfukoni. Jengo, makabati na kibao cha mlangoni vitafuata.

Sheria yenyewe iko upande wa hoja hii. Bodi ya huduma za maktaba ilianzishwa mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Sheria ya mwaka 1975, ambayo ndiyo iliyoipa Bodi sura yake ya sasa, haikuishia kwenye kununua na kutunza vitabu. Iliitwisha pia kazi ya kushiriki kampeni za kisomo cha watu wazima, na ya kukuza maandishi ya hapa nchini, hasa ya watoto na yale yanayohifadhi utamaduni wetu. Kwa hiyo darasa la kisomo, saa ya hadithi kwa watoto, mkutano wa wakulima na bwana shamba, au jioni ya wazee kusimulia habari za Unyamwezi, yote ni kazi halali ya maktaba. Hakuna haja ya kuyasubiri kama hisani ya mkutubi mchangamfu. Tatizo letu ni umbali. Huduma imepangwa kwa ngazi: Maktaba Kuu, maktaba za mikoa, kisha za wilaya kwa wilaya zilizobahatika. Kata kama Usoke, hata ikiwa na kituo cha reli, inabaki chini ya ngazi ya mwisho ikiitazama treni ya Kigoma ikipita. Hakuna anayepanda treni kwenda Tabora mjini ili asome gazeti na kurudi, na mtoto wa darasa la tatu ndiye asiyeweza kabisa.

Jibu tunalopewa mara nyingi ni kwamba watu wetu hawana utamaduni wa kusoma, hivyo maktaba itabaki kuwa nyumba ya vumbi. Wanaosema hivyo wanataka mavuno yatangulie kupanda. Tutazame jinsi Kiswahili chenyewe kilivyofika huku. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipoingia Kazeh, Tabora ya leo, mwaka 1857, wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wameshaizoea njia ya pwani kwa miaka mingi, na Kiswahili kilikuwa kimeshatembea nao. Hakuna aliyewajengea shule ya lugha hiyo. Waliishika kwa sababu iliwafaa: kupatana ujira, kuhesabu mizigo, kuomba maji katika kijiji cha wenyewe, kupeleka na kuleta habari. Misafara ile ilibeba pia watu waliotekwa, na hatuna sababu ya kuipamba. Lakini inatufundisha kwamba watu hushika maarifa yanapowarahisishia safari waliyomo tayari. Wazo kwamba Mnyamwezi alisubiri kwanza awe na utamaduni wa Kiswahili ndipo akitumie lingewachekesha wapagazi wale, na wazo kwamba mkulima wa leo awe kwanza na utamaduni wa kusoma ndipo apelekewe vitabu halina nguvu zaidi.

Ushahidi mwingine uko karibu zaidi na enzi zetu. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kabla yake, mradi wa kisomo chenye manufaa uliosaidiwa na UNESCO kule Mwanza ulikuwa umeshaonyesha njia: kitabu cha mkulima wa pamba kilihusu pamba, cha mvuvi kilihusu samaki, cha mwenye migomba kilihusu ndizi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Kikundi kilikuwa na kitabu, kiongozi aliyepewa mafunzo mafupi, na kazi ya kutekeleza baada ya mjadala, kama kuchimba choo au kufyeka vichaka vinavyofuga mbu. Ukiondoa jina, hiyo ni shughuli ya maktaba: andiko, watu waliokusanyika, mtu wa kuwaongoza, na jambo linalobadilika nyumbani. Mwaka 1967 karibu thuluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Mwaka 1986 serikali ilihesabu kuwa wamebaki kama asilimia 10. Watu walewale wanaosemwa hawapendi kusoma walisoma, tena baada ya kutua jembe jioni.

Kilichofuata ndicho kinachopaswa kutuhangaisha. Maktaba za vijiji zilizofuata kampeni ile ya kisomo zilipata vitabu vya kuanzia, zikawekwa shuleni, ghalani au katika ofisi ya kijiji, zikakabidhiwa kwa mtu wa kujitolea. Uchumi ulipoyumba kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, vitabu vipya viliacha kuja na posho ikakatika. Aliyekuwa amejifunza kusoma alimaliza kilichokuwepo, akakosa kingine, na macho yakaanza kusahau herufi. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta wanaojua kusoma wako chini ya asilimia 80. Ushindi wa awali haukuletwa na majengo, na kuporomoka kwake hakukuletwa na ukosefu wa majengo. Maktaba zile zilikufa kwa kukosa vitu viwili: maandishi mapya na mtu anayelipwa. Anayetaka kufungua maktaba Usoke aanze kwa kujibu vitabu vitabadilishwa na nani, na mtunzaji atalipwa na nani, kabla hajafyatua tofali la kwanza.

Wapo watakaosema kwamba mambo hayo ni ya zamani, kwamba leo kijana mwenye simu janja ana maktaba mfukoni. Simu imeleta mengi na hakuna sababu ya kuibeza. Lakini tuangalie ni mambo gani yamehamia huko. Mkopo wa elimu ya juu unaombwa mtandaoni. Cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa na RITA, wakala wa usajili, kwa mtandao. Ajira za serikali zinaombwa kwa mtandao. Jina la baba likiandikwa kwa herufi tofauti katika cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne, mwombaji anahitaji mtu wa kumweleza aende wapi, aape mbele ya nani na askani karatasi ipi. Simu haimwelezi hayo kwa utulivu, na bando linaisha katikati ya fomu. Asipopata msaada wa bure ataununua, na atakayemuuzia ndiye atakayebaki na nywila yake. Maktaba yenye kompyuta moja, skana moja na mkutubi mwaminifu ingeziba pengo hilo kwa vijana wa kata nzima. Kadiri shughuli za umma zinavyohamia kwenye skrini ndivyo haja ya mahali pa wazi penye mtu wa kuuliza inavyoongezeka.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni la fedha. Kata inayodai maji safi, dawa katika zahanati na madawati shuleni itaona kuwa kuzungumzia maktaba ni anasa, na anayesema hivyo anastahili jibu la heshima. Jibu langu la kwanza ni kwamba maktaba ya aina ninayoieleza hutumikia mahitaji hayohayo. Vyoo vya Mtu ni Afya vilichimbwa na watu waliokaa kikundi na kitabu. La pili ni kwamba gharama ya kuanzia ni ndogo kuliko tunavyodhani. Mwaka 1996 huduma ya taifa ya maktaba nchini Kenya ilianza kuwapelekea vitabu wafugaji wa Garissa kwa ngamia. Ngamia mmoja hubeba masanduku ya vitabu, mwingine hubeba hema. Wakifika, mkeka hutandikwa chini, masanduku hufunguliwa, watoto huketi, na maktaba imeanza kazi. Usoke ina nafasi nzuri kuliko hiyo: reli inapita mlangoni, lipo ghala la tumbaku ambalo msimu ukiisha hubaki na nafasi, yapo madarasa yanayofungwa alasiri. Gharama isiyokwepeka ni ya mtu. Tumbaku hutozwa ushuru wa mazao unaoingia halmashauri, na sehemu ndogo tu ya ushuru huo, ikitengwa kila mwaka bila kusubiri mfadhili, ingemlipa mtunzaji mmoja aliyefunzwa. Jani ndilo lililotuletea karatasi ngumu. Ni haki jani hilohilo lilipie wa kutusaidia kuisoma.

Liko pia pingamizi la watu wanaoipenda maktaba kwa dhati. Wanahofu kwamba mikutano, michezo ya watoto na mafunzo ya ushonaji vitaigeuza maktaba kuwa ukumbi wa kelele, na msomaji atakimbia. Hofu hiyo ina haki yake, kwa sababu ukimya nao ni huduma. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayeishi katika chumba kimoja na ndugu watano, bila meza wala taa ya uhakika, anahitaji kiti, mwanga na saa mbili za kutosumbuliwa kuliko anavyohitaji tamasha. Lakini ratiba inatosha kuwapatanisha: asubuhi kwa watoto na wakulima, jioni kwa wanaojisomea, siku ya soko kwa mikutano. Tuchukue mfano wa jijini Nairobi: maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931 na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kama msomaji. Ukimya wake ulikuwa ukimya wa kufungiwa nje. Katika miaka ya hivi karibuni taasisi ya Book Bunk, iliyoanzishwa na Wanjirũ Koinange na Angela Wachuka, imeshirikiana na serikali ya jiji kufufua maktaba hiyo pamoja na matawi ya Kaloleni na Makadara, na ufufuo huo umekwenda pamoja na hadithi kwa watoto, muziki na mijadala. Walioitwa kwa shughuli walikuta vitabu vikiwasubiri.

Wala hatuna haja ya kwenda Nairobi kutafuta asili ya jambo hili. Burton aliandika kwamba vijiji vya Unyamwezi vilikuwa na iwanza, nyumba za hadhara, moja ya wanaume na nyingine ya wanawake, ambamo watu walikutana, walizungumza na kupumzika. Nyumba ya wote, isiyodai kiingilio, ilikuwa sehemu ya kijiji huku kabla ya tofali la kuchoma na kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912. Maktaba tunayoitaka ni nyumba hiyo ikiongezewa andiko, na safari hii wanaume na wanawake wakae pamoja. Andiko hilo lisitoke nje peke yake. Mzee anayejua nyuki wanapenda ua la mti gani wa miombo, na mwezi gani wa kutundika mzinga, ni kitabu ambacho bado hakijaandikwa. Sheria ya 1975 inaitaka Bodi kukuza maandishi ya nyumbani, na maktaba ya kata ndiyo iliyo karibu zaidi na wenye kuyajua hayo. Kijana wa sekondari akikaa na mzee huyo Jumamosi chache, na kazi yao ikachapwa na kushonwa hata kwa uzi, Usoke itakuwa na kitu cha kupeleka Tabora kwa treni ileile iliyoleta masanduku ya vitabu.

Bagamoyo, njia ya misafara ilikoanzia, leo kuna chuo kinachofundisha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka. Hapo zamani kilichopandishwa kutoka pwani kuja Unyamwezi kilikuwa nguo, shanga na bunduki. Sasa tudai wakutubi. Halmashauri itenge fungu, chama cha msingi kitoe kona ya ghala, Bodi ibadilishe masanduku kila baada ya miezi michache, na mkutubi aanze siku ya kwanza ya soko, akiwa na meza ndogo kando ya mizani na bango linaloeleza alama za madaraja kwa Kiswahili. Kazi yake isipimwe kwa idadi ya vitabu vilivyopangwa kwenye kabati. Siku mkulima atakapoishika karatasi yake, aisome mpaka mwisho, kisha amgeukie mteuzi kumuuliza kwa nini rangi ya jani lake imeandikwa hivyo, maktaba ya Usoke itakuwa imefunguliwa, hata kama bado haina mlango.