Kigoma ina chumvi, je, madini joto yanamfikia mtoto tumboni?

Mkoa wa Kigoma haukosi chumvi. Uvinza wamechemsha maji ya chemchemi zake kwa zaidi ya miaka 1,000, na misafara ya karne ya 19 kati ya Ujiji na Tabora ilinunua chumvi hapo. Ila chumvi ya bara haina madini joto ya kutosha mpaka yaongezwe, na pengo hilo hulipwa na ubongo wa mtoto.

Tezi ya shingo hutumia madini joto kutengeneza homoni zinazoziongoza seli za ubongo zikue na kuungana. Katika miezi mitatu ya mwanzo ya ujauzito tezi ya mtoto bado haijaanza kazi, hivyo anategemea homoni za mama tu. Mama akipungukiwa sana, mtoto huweza kuzaliwa kiziwi au amedumaa akili. Akipungukiwa kidogo, mtoto huonekana mzima, lakini darasani anakuwa mzito. Chumvi nzuri atakayoipata akiwa darasa la kwanza hairudishi kilichopotea.

Vyakula vyetu navyo vina lao. Dagaa na migebuka ni lishe bora, lakini samaki wa ziwani hawana madini joto kama wa baharini. Muhogo mchungu usiolowekwa vizuri hubaki na sumu ambayo mwilini hugeuka kemikali inayoizuia tezi kunyonya madini hayo. Bibi zetu walioloweka muhogo siku kadhaa hawakuwa wanapoteza muda.

Kuanzia 1986 Serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zenye rovu nyingi. Utafiti wa 2009 ulisema watoto wa mama waliovipata walisoma zaidi kwa takriban theluthi ya mwaka. Wengine waliorudia hesabu hizo hawakuona tofauti ya wazi. Kwangu huo ni ubishi kuhusu ukubwa wa faida shuleni. Kwamba ubongo unayahitaji madini hayo, halina ubishi.

Viwanda vikubwa ni rahisi kukaguliwa. Mchemshaji mdogo anayeuza kwa kopo gulioni ni kazi nyingine, ingawa tone moja la kipimo hutosha: chumvi yenye madini joto hugeuka rangi ya zambarau. Maofisa afya wangeanzia hapo, kwenye magunia yaliyo wazi juani. Nyumbani, chumvi ifunikwe, ikae mbali na moshi, na iwekwe chakula kikikaribia kuiva. Mjamzito asiongeze chumvi kwa kuogopa upungufu, maana shinikizo la damu nalo lipo. Achague tu iliyo sahihi.