Ukivuka mpaka, angalia na dimu

Ndugu mwandishi, mada yako ya kurekebisha taa za gari linalohamia nchi nyingine ni nzuri ila umeishia kwenye indiketa. Ni kweli, gari la Marekani lenye indiketa nyekundu nyuma halipiti Uingereza mpaka ziwe za rangi ya chungwa, na taa ya ukungu ya nyuma lazima iongezwe. Hayo ni ya waya na balbu, fundi umeme mzuri anayamaliza.

Kasheshe iko kwenye dimu, yaani taa za mbele zikishushwa. Mwanga wake haulingani pande zote: upande wa pembeni mwa barabara unapanda kidogo ili umwone mtembea kwa miguu, na upande wa gari linalokuja unakatwa chini. Gari la Japani limetengenezewa kupita kushoto, kwa hiyo Dar au Kampala halina neno. Livushe mpaka wa Kobero uingie Burundi, wanakopita kulia, mwanga uleule unampiga mwenzako usoni. Anakuwashia fulu kwa hasira akidhani hujashusha taa, kumbe umeshusha zamani!

Kukaza skrubu ya kuinamisha taa hakugeuzi umbo la mwanga, kunakupunguzia tu umbali wa kuona. Balbu ya LED ndani ya taa ya halojeni ndiyo inazidisha balaa. Stika wanazobandika Waingereza kwenye taa wakienda Ufaransa ni za safari, si za kudumu. Baadhi ya taa za lenzi zina kijiti cha kugeuzia mwanga kwa ndani. Uliza kabla hujanunua. Kama hazina, badilisha taa zote mbili, uweke za nchi zinazopita kulia.