Kijiji Kizima Kinajua, Hakimu Hajui

Ndugu msomaji, tuchukulie kwamba usiku wa manane zizi la jirani yako kule Nduruma limevunjwa, na ng'ombe wawili wa maziwa wametoweka. Kabla jua halijapanda, jina la mwizi limekwisha kuenea hadi kwenye mifereji ya mashamba. Kijana anakamatwa, anafikishwa Mahakama ya Wilaya, na baada ya miezi kadhaa anaachiliwa. Mwenye ng'ombe anarudi nyumbani akinung'unika kwamba hakimu kala mlungula. Huenda; lakini mara nyingi jawabu limo katika Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967, ambayo wengi wetu hatuijui mpaka siku tunapoihitaji. (Mahakama za Mwanzo zina kanuni zake.)

Hilo la "kijiji kizima kinajua" halipokelewi. Sheria yataka asimame yule aliyeona kwa macho yake au aliyesikia kwa masikio yake. Mama anayesema "nimeambiwa na shemeji" atanyamazishwa, na shemeji ndiye atakayeitwa. Wala wingi wa mashahidi si hoja: mmoja tu, akiaminika, atosha kumtia mtu hatiani.

Basi tuseme yupo aliyeona. Aliona kwa mwanga gani? Akiwa umbali gani, kwa muda gani, na je, alimfahamu mtu huyo kabla? Maswali hayo huulizwa kila siku tangu kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, ambamo Mahakama ya Rufani ilionya kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko wote, na usitegemewe mpaka kila uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa. Aliyewahi kumwita mgeni barabarani akidhani ni binamu yake hatashangaa.

Linalowakera watu zaidi ni ungamo. "Alikiri mwenyewe polisi!" Naam, lakini alikirije? Ungamo mbele ya polisi wa cheo cha koplo au zaidi hupokelewa likiwa limetolewa kwa hiari, na ni juu ya upande wa mashtaka kuthibitisha hiari hiyo. Mshtakiwa akidai alipigwa, husikilizwa kwanza kesi ndogo ndani ya kesi kubwa. Tena Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 imeweka saa nne za kumhoji aliyekamatwa, isipokuwa muda uongezwe kisheria; maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda huo yamefutwa katika kesi nyingi. Mwandishi huyu haoni ubaya hapo. Fimbo humfanya hata asiye na ng'ombe aseme alipowaficha.

Si kila mahakama hufuata njia hiyo. Hapa hapa Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994 na kufungwa 2015, iliwaruhusu majaji kupokea hata ushahidi wa kuambiwa, wakiupima kwa hadhari. Lakini hao walikuwa majaji watatu wenye muda wa miaka.

Kwa mwenye zizi, saa ya kwanza ndiyo yenye thamani. Aliyemtambua mwizi na amtaje mara moja, kwa jina na kwa mavazi, kwa balozi na kwa polisi. Jina linaloibuka baada ya wiki mbili, hakimu atauliza lilikuwa wapi.