Zawadi ya Sikukuu Isile Sare ya Januari

Mshahara wa Desemba ukitoka kabla ya Krismasi, hauna budi kutufikisha mwisho wa Januari, mwendo wa siku zaidi ya 30. Ada za shule za msingi za serikali zilifutwa, lakini sare, viatu na madaftari vingali juu ya mzazi.

Yafaa basi baba na mama wakae kitako, watenge kwanza fedha za mahitaji hayo. Kitakachobaki ndicho cha zawadi. Doti ya khanga ina vipande viwili: mama mkwe apate kimoja, shangazi kingine. Viatu vyeusi vikinunuliwa sasa, mtoto atavivaa sikukuu, kisha darasani.

Jamaa watasahau zawadi ndogo. Mtoto hasahau siku aliyobaki nyumbani wenzake walipokwenda shule.