Kongamano Lisilo na Adabu Si Kikao cha Elimu

Kiswahili hivi leo kimejaliwa vikao. Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka uliofuatia, 2022, Umoja wa Afrika ukakikubali kuwa lugha yake ya kazi. Tangu hapo makongamano yamekuwa kama mvua za masika: hili halijaanuka, lile lishatanda. Hayo ni ya kushukuriwa, wala sitakuwa mimi wa kuyabeza. Lakini nina neno moja ambalo nimeliweka moyoni muda mrefu, na leo naona afadhali nilitoe. Kongamano ambalo watu wake hawastahiani si kikao cha elimu, hata wakikaa ndani yake maprofesa mia.

Niseme nilichokiona kwa macho yangu, bila kutaja mahali wala jina la mtu, maana nia yangu si kumvunjia mtu uso. Katika kongamano moja aliitwa mzee malenga, mtu wa makamo ya baba yangu, aliyehifadhi tenzi kifuani tangu utoto. Asubuhi alipandishwa jukwaani akaghani beti tatu, watu wakapiga makofi, wapiga picha wakapiga picha. Baadaye akateremshwa akakalishwa safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni. Alasiri ikaja mada juu ya tenzi zizo hizo. Mtoa mada akafasiri neno la Kiamu kinyume na maana yake. Mzee akainua mkono. Akainua tena. Mwenyekiti akasema wakati umekwisha, kisha akampa nafasi daktari mmoja ambaye hakuuliza suala lolote, bali alitoa hotuba ya robo saa. Mzee alikunja kanzu yake akaenda kusali, na siku ya pili hakurudi.

Sasa tujiulize: ni nani aliyepata hasara siku hiyo? Mzee alirudi kwake na elimu yake. Waliobaki ukumbini ndio waliorudi na neno la makosa, na huenda leo limekwisha kuchapishwa kitabuni na watoto wetu wanalisoma shuleni. Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Kukosa adabu kikaoni si kuumiza moyo wa mtu tu. Ni kuiharibu elimu yenyewe.

Wala jambo la kuamua habari za lugha bila ya wenye lugha si geni kwetu. Mwaka 1928, papa hapa Mombasa, kilifanywa kikao cha kuchagua lahaja itakayosanifiwa iwe Kiswahili cha shule na vitabu. Waliokaa mezani walikuwa maofisa wa elimu wa serikali za kikoloni na wamishonari. Kiunguja kikachaguliwa, na Kamati ya Lugha iliyozaliwa mwaka 1930 ikaanza kazi na wajumbe ambao lugha hii hawakuinyonya kwa mama zao. Mimi leo siteti na Kiunguja, ni lahaja ya ndugu zetu na imetufaa sana. Ninaloteta nalo ni kule kuamua: mji ulijaa washairi na masheikh, na kikao kikafanywa mlangoni pao bila ya wao kuwa na kauli. Mkoloni alikuwa na sababu zake. Sisi tuliojitawala tuna sababu gani ya kufanya yale yale?

Katika darasa za chuoni tulikosomea sisi, mwalimu alipofungua kitabu alikuwa akimtaja aliyemsomesha, na aliyemsomesha huyo naye, hata silsila ikafika kwa mwenyewe aliyekitunga. Elimu isiyo na silsila ilikuwa kama mtoto asiyejulikana babake. Desturi hiyo ingefaa sana makongamanoni. Mashairi ya Muyaka bin Haji, kwa mfano, hayakufika mikononi mwetu kwa miujiza. Muyaka alikufa yapata mwaka 1840. Miaka mingi baadaye Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakusanya kwa watu waliokuwa wakiyakumbuka, akayaandika, akayafasiri maneno yake, akamsaidia mmishonari W. E. Taylor. Kutokana na kazi hiyo, W. Hichens akaweza kuichapisha Diwani ya Muyaka mwaka 1940. Jina la Sikujua halikupotea, na ndiyo sababu leo tunajua ni nani wa kumshukuru. Je, ni akina Sikujua wangapi wa zama zetu ambao wamekaa na mtafiti siku nzima, wakamtolea miswada sandukuni na maana vifuani, kisha mada ikasomwa ukumbini jina lao lisitajwe hata mara moja? Wengine wameshakata shauri kwamba masanduku yao hayatafunguliwa tena. Tusiwalaumu.

Tuje kwa wanawake. Hakuna kongamano la fasihi yetu ambalo Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, hautajwi. Wanaume huusifu na kusema bibi huyu alikuwa bahari. Lakini akisimama binti aliye hai kusoma mada yake, hukatizwa kabla hajafika nusu, huambiwa apaze sauti, huitwa "msichana" ilhali mwenzake wa kiume mwenye shahada ile ile huitwa "mwenzetu." Na liko baya zaidi ambalo watu hulinong'ona tu, nami nitalisema wazi: wako wakubwa ambao kongamano kwao ni nafasi ya kuwaandama mabinti wanafunzi, hotelini na kwenye karamu za usiku, kwa ahadi za barua na vyeo. Jambo hilo si mzaha wala si ujana. Ni dhuluma, na mwenye kulifumbia macho ni mshirika.

Kisha kuna wageni wetu. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na wasomi wa Lubumbashi na Bukavu ni watu wetu wa kikao kimoja. Nimesikia watu wakiwacheka kwa matamshi yao na kwa maneno yao. Lo! Kiswahili kilichosafiri hata kikafika huko ni fahari yetu, nasi twakifanya kichekesho? Anayecheka matamshi ya mgeni hajui kwamba naye ana lafudhi ambayo hajapata kuisikia.

Msidhani nawatetea watu wa pwani peke yao. Alipotoa Euphrase Kezilahabi diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani, kulizuka ubishi mkubwa. Mimi ni mtu wa vina na mizani na nitazikwa navyo. Hata hivyo lazima nikiri ukweli ulivyo: mara nyingine hoja iliacha shairi ikamwandama mtunzi, katoka wapi na kabila lake lipi. Huko si kuulinda ushairi. Shairi hupimwa kwa shairi, na mtu hupimwa kwa ubinadamu wake. Kezilahabi alifariki mwaka 2020, na vitabu vyake vingali vikisomwa.

Wako watakaonijibu kwamba kongamano ni uwanja wa kubishana, na kwamba tukitia heshima nyingi tutaua ukweli. Nakubali kwamba elimu haikui bila kupingwa. Lakini wahenga walisema heshima si utumwa. Kumwambia mtu "hoja yako ina kasoro hapa, na dalili yangu ni hii" ni kumheshimu, maana umemsikiliza hata ukaijua kasoro. Kumcheka, kumkatiza au kumpa mgongo akisema si kumpinga, ni kumkimbia. Tena anayeonewa hanyamazi kwa kuwa ameshindwa, bali hunyamaza kwa kuwa amechoka, na ukweli aliokuwa nao hunyamaza naye.

Kwa hivyo nawaomba waandalizi wa makongamano yetu mambo machache, wala hayana gharama kubwa. Mwenyekiti awe mtu mwadilifu, awape wote wakati mmoja kwa saa, profesa na mwanafunzi, na mwenye kutoa hotuba mahali pa suala akatizwe bila kuogopwa cheo chake. Wa kwanza kuuliza wawe wale ambao hawajasema. Mzee akialikwa, asialikwe kuwa pambo la ufunguzi. Apewe nafasi ya kujibu yanayosemwa juu ya elimu yake, na nauli na bahasha yake visipungue vya wengine. Mtoa mada ataje waliompa habari kwa majina, wakiridhia wenyewe kutajwa. Ada ya kuingia iwe nafuu kwa mwanafunzi na kwa mtunzi asiye na mshahara wa chuo. Na liwepo jopo la watu wawili au watatu wa kuaminika, wake kwa waume, watangazwe asubuhi ya kwanza mbele ya watu wote, ili aliyesumbuliwa ajue pa kwenda kushtaki, na akishtaki asikilizwe.

Na kwa kuwa mshairi haachi kazi yake, nimeyatia hayo katika ubeti mmoja:

Mgeni umuitapo, mpishe akae mbele,
Na neno alisemapo, usimtie kelele,
Ilimu uichotapo, taja na kisima kile,
Adabu itowekapo, kikao huwa ni ndwele.

Barazani kwetu aliyekuja hupishwa nafasi, awe mwenye kanzu ya hariri au mchukuzi wa bandarini, na akishaketi huulizwa habari za atokako. Hatukufundishwa hayo na chuo kikuu chochote. Basi Siku ya Kiswahili itakapokuja tena, na kumbi zikapambwa na vipaza sauti vikafungwa, na tuzitazame safu za nyuma. Tukimwona hapo mtu anayeijua lugha hii kuliko sisi, tuondoke katika viti vyetu tukamwite.