Sekunde moja ya Boston, sauti tusiyokuwa nayo

Wadau, leo naomba niungame. Mimi ni mwandishi wa habari za michezo, nalipwa (kidogo) kwa kazi hiyo, na usiku ule Mtanzania alipotwaa ubingwa wa dunia nilikuwa nimelala fofofo.

Ilikuwa hivi. Jumapili tarehe 14 Septemba 2025 nilikuwa nyumbani Makutupora kwa mapumziko. Jioni tukajazana kwenye kibanda umiza, mia tano kwa kichwa, kuangalia dabi ya Manchester. City wakawafunga United 3-0, Haaland mawili, Foden moja. Kelele zilivyokuwa ungedhani Etihad ipo nyuma ya mashine ya kusaga. Tumetoka pale tukibishana mpaka barabarani, nikafika nyumbani, nikala ugali wa uwele, nikalala. Kesho yake nikaamshwa na kuruta wa JKT wanaopita na mchakamchaka wao. Nashika simu nione saa, nakuta ujumbe wa rafiki yangu wa Singida: "UMEONA?" Herufi kubwa zote.

Sikuwa nimeona. Wakati mimi nakoroma, kule Tokyo ilikuwa asubuhi na Alphonce Simbu alikuwa anaingia uwanjani akimkimbiza Amanal Petros wa Ujerumani. Wote wawili wamepewa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Tofauti ni sekunde 0.03, ikabidi waamuzi waangalie picha. Mjerumani alijirusha kwa kifua mpaka akaanguka, Simbu akapita. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika Mashindano ya Dunia ya Riadha. Ya kwanza! Kabla ya hapo tulichokuwa tunajivunia ni fedha ya Christopher Isegwe, Helsinki 2005, na shaba ya Simbu huyo huyo, London 2017.

Nikampigia mhariri wangu. Nikamwambia bosi, hii ni ukurasa wa mbele, jina lake kwa herufi kubwa kuliko jina la gazeti. Akacheka. "Dogo, kesho Simba na Yanga, Ngao ya Jamii. Simbu hauzi gazeti siku ya dabi." Na kweli, Jumanne gazeti likatoka na dabi, bingwa wa dunia akapewa kijisehemu pembeni. Jioni Yanga wakashinda 1-0, bao la Pacome, na ukawa ndio mwisho wa habari ya Simbu pale kijiweni. Sijataja gazeti, msinitafutie ubaya, kodi ya chumba nalipa kwa hela zao.

Nieleze kidogo Makutupora ninayoisema, maana siku hizi ukitaja jina hili watu wanakuuliza habari za treni ya umeme. Makutupora ya SGR, ile ya "kipande cha Morogoro hadi Makutupora", ipo Manyoni, mkoani Singida. Yetu ni hii ya kaskazini ya Dodoma mjini, barabara ya kwenda Kondoa, yenye kambi ya JKT, mashamba ya zabibu na visima vinavyowanywesha watu wa mjini. Baba yangu mdogo alikuwa askari, sasa amestaafu na anahangaika na mizabibu yake. Ndiye aliyenifanya niandike haya.

Nilimkuta asubuhi ile shambani nikampa habari. Mbukwa, mbukwa, halafu nikamwambia Simbu kashinda, tena kwa sekunde sifuri nukta sifuri tatu. Akasimama na mkasi wake wa kupogolea mkononi, akasema, "Basi wamemlipa Ikangaa."

Mnamkumbuka Juma Ikangaa? Usiangalie Google kwanza, jibu kwa uaminifu. Nimeuliza swali hili kwa vijana wenzangu wenye digrii, kwenye meza yenye watu saba. Wawili walisema wamewahi kusikia jina, mmoja kati yao akidhani ni mwanamuziki.

Ikangaa ni mtoto wa Dodoma, mzaliwa wa 1957, mwanajeshi. Aprili 1988 alikwenda Boston na mbio zile zikaisha hivi: Ibrahim Hussein wa Kenya saa 2:08:43, Juma Ikangaa wa Tanzania saa 2:08:44. Kilomita 42 na ushee, tofauti sekunde moja. Mwaka 1989 akarudi, akawa wa pili tena, safari hii nyuma ya Abebe Mekonnen wa Ethiopia. Mwaka 1990 akarudi, wa pili kwa mara ya tatu, nyuma ya Gelindo Bordin wa Italia. Mtu mwingine angeshaichukia Marekani yote. Yeye Novemba 1989, katikati ya maumivu hayo, alikwenda New York akashinda kwa saa 2:08:01, rekodi ya njia ile iliyodumu mpaka 2001. Miaka kumi na miwili! Na hapo sijagusa ushindi wake wa Tokyo, Fukuoka na Beijing.

Ninachompendea Ikangaa ni namna alivyokuwa anakimbia. Alikuwa anakaa mbele. Hajifichi nyuma ya migongo ya watu asubiri kilomita ya 40 ndipo aibuke. Na huu ulikuwa kama mtindo wa nchi, maana Filbert Bayi alifanya hivyo hivyo Christchurch tarehe 2 Februari 1974, fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Alitoka mbele tangu mlio wa bastola, akawaacha, wenzake wakidhani atakata pumzi. John Walker, kijana wa nyumbani kwao New Zealand, akamfukuza moja kwa moja mpaka kwenye utepe na hakumpata. 3:32.16, rekodi ya dunia. Walker mwenyewe, wa pili, alikimbia ndani ya rekodi ya zamani. Kama rekodi ya michezo ile muda wa Bayi ulidumu hadi Agosti 2022, Birmingham, Oliver Hoare wa Australia alipouvunja. Miaka 48, wadau. Baba yangu mzazi alikuwa hajazaliwa ilipowekwa.

Wataalamu watasema kukimbia mbele ni ujinga, unawakatia upepo wenzako halafu wanakupita mwishoni. Boston 1988 inawaunga mkono, sikatai. Simbu ameshinda kwa akili nyingine kabisa, alitulia kwenye kundi na kuitunza ile hatua ya mwisho, na ndiyo maana ana dhahabu. Mimi kama shabiki bado ukiniambia nichague mbio moja nirudi nyuma niione kwa macho, nitachagua ya mtu anayekaa mbele. Unakaa na roho mkononi kutoka mwanzo.

Sasa nifike kwenye kinachonikera. Jaribu kutafuta mbio za Bayi uzisikilize. Utazipata, na mtangazaji atakuwa anazungumza Kiingereza, na moyo wake uko kwa Walker, hilo utalisikia kwenye sauti. Tafuta marathoni ya Brisbane ya 1982, Jumuiya ya Madola, ambayo Waaustralia wanaihesabu kati ya mbio kubwa za historia yao. Ikangaa na Gidamis Shahanga wako mbele, Robert de Castella anawafukuza, mwishoni yeye na Ikangaa wanapokezana uongozi mpaka Mwaustralia anaondoka na kushinda, 2:09:18 kwa 2:09:30. Tamu sana. Lakini inavyosimuliwa, Ikangaa ni mlima ambao shujaa alipaswa kuupanda. Ni haki yao, ni mtu wao na kamera ni zao. Sisi tuna nini? Nani amewahi kuzitangaza mbio zile kwa Kiswahili tukazitunza, ili mtoto wa Makutupora asikie "Ikangaa, Ikangaa, bado Ikangaa" kwa sauti ya mtu anayetaka Ikangaa ashinde?

Angalia mwanariadha wetu anayefahamika zaidi duniani. Si Bayi wala Ikangaa. Ni John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico City 1968 akiwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza, goti limefungwa bandeji. Namheshimu mzee yule kuliko ninavyoweza kuandika. Ila tuambizane ukweli, dunia inamjua kwa sababu kulikuwa na kamera iliyomsubiri giza likiwa limeingia. Bila kamera ile angekuwa mstari wa mwisho kwenye karatasi ya matokeo.

Na si kwamba hatuna watu wa kutangaza. Nchi hii ilikuwa inaona mpira kwa masikio! Baba mdogo anaweza kuigiza watangazaji wa RTD mmoja baada ya mwingine, timu inayoshambulia kutoka kushoto kwenda kulia kwa redio yako, na wewe kijijini ukaigeuza redio iendane na uwanja. Mwaka 2025 ulituchukulia sauti mbili za aina hiyo. Februari alifariki Leonard Mambo Mbotela wa Kenya, Mei akaondoka Charles Hilary wetu, aliyetoka RTD akapita Radio One, Deutsche Welle, BBC na Azam. Mtu kama Charles Hilary angeweza kukutangazia watu wawili wanaokimbia kimya kimya kwa saa mbili na usibanduke. Watangazaji wa sasa wengi ni wazuri, wana vituko, wana misemo. Tatizo wanajua mchezo mmoja.

Najua jibu la wenye vituo: fedha. Mwaka 2021 Azam waliingia na TFF mkataba wa miaka kumi wa shilingi bilioni 225.6 kwa ajili ya ligi, na aliyewahi kuiona ligi kabla ya televisheni na baada yake hawezi kubeza. Hata sisi wa huku tunaiona Dodoma Jiji ikicheza Mbeya bila kupanda basi. Sisemi mpira upunguzwe. Mimi ni Yanga, mniulizie pale kijiweni.

Ninachosema ni kwamba marathoni haihitaji mabilioni. Haihitaji hata picha. Ni mchezo ulioumbwa kwa ajili ya redio: una saa mbili, una nafasi ya kusimulia huyu ni nani, ametoka kijiji gani, Boston mwezi Aprili 2025 alikuwa wa pili kwa muda uleule na aliyekuwa wa tatu, 2:05:04 wote, kwa hiyo kuachana kwa unyoya anakujua. Una kilomita ya 30 ambapo kundi linapungua, una kilomita ya 40 ambapo huwezi kwenda chooni. Mtangazaji mmoja, kiti kimoja, televisheni moja mbele yake na daftari la muda wa kila kilomita tano. Basi.

Nilipomweleza baba mdogo wazo hili aliniuliza, "Usiku ule nani angesikiliza, mwanangu?" Nikamjibu walinzi. Wauguzi wa zamu. Madereva wa malori yanayolala Kizota. Watu wa mikate, mama anayenyonyesha, mwanafunzi anayekesha na mtihani. Nchi hii usiku haijalala kama tunavyodhani, na wengi wao redio inawaka, inapiga muziki uliopangwa kwenye kompyuta na mtu wa studio mwenyewe amesinzia. Akasema, "Na wewe?" Nikanyamaza. Mimi si ndio nilikuwa nimelala.

Jioni nikamtafutia Brisbane 1982 kwenye simu. Tukakaa kwenye mkeka nje, simu tumeiegesha kwenye ndoo. Dakika ya pili akaniambia nizime sauti, huyo mzungu anampigia kelele. Nikazima. Akaanza kutangaza mwenyewe, polepole kwanza, halafu akapata moto, anamtaja Ikangaa kwa cheo chake cha jeshi, anamtaja Shahanga, anasema upande wa kulia wa redio yako anaonekana yule wa Australia, bado yuko mbali, ndugu msikilizaji, bado yuko mbali kabisa. Watoto wa jirani wakaja wakasimama. Mmoja akauliza, "Babu, nani anashinda?"

Castella akiwa amebakiza kama mita hamsini amfikie, bando likaisha. Nikataka kutuma mtoto akanunue vocha ya mia tano. Baba mdogo akanizuia, akasema iache hapo hapo.