Sikio la Sokoni na Sikio la Mkutanoni

Kiswahili kina kusikia na kina kusikiliza, na kutokana na kusikiliza kikazaa kusikilizana, yaani kupatana. Mahali pa kuyaona maneno hayo yakifanya kazi ni soko la Tengeru, kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi, siku ya Jumatano au Jumamosi. Makondakta wa daladala wanaita abiria, bodaboda wanapiga honi, spika ya muuza dawa ya panya inarudia tangazo lile lile. Na bado mama aliyekaa nyuma ya sado zake za nyanya humsikia mteja wa tatu akinong'ona kwamba bei ya jirani imeshuka. Hakuna aliyemfundisha umakini. Sikio halilali na njaa, walisema wahenga, na la sokoni hushiba kweli kweli.

Ajabu ni kwamba sikio hilo hilo likipelekwa kwenye mkutano wa bwana shamba hufa ganzi. Chukua kantangaze, mdudu anayeshambulia nyanya: mwaka 2014 aligunduliwa huku huku Arumeru, kwa mara ya kwanza nchini Tanzania. Kiwavi wake hujificha ndani ya jani na ndani ya tunda, ambako dawa nyingi hazimfikii, na akipigwa dawa moja msimu baada ya msimu huizoea. Kwa hiyo maelezo ya bwana shamba ni marefu kwa lazima: kubadilisha dawa za makundi tofauti, kung'oa na kufukia mimea iliyoshambuliwa, kupima kiasi cha bomba zima, kuhesabu siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Mkulima mwenye jicho moja kwenye simu huondoka na neno moja tu, dawa. Akifika shambani hupima kwa kifuniko cha chupa, huongeza kidogo "ili ikolee", kisha huvuna kesho yake kwa sababu keshokutwa ni siku ya soko. Sikio la kufa halisikii dawa, na nyanya hizo huliwa na watoto wa watu.

Chanzo cha ganzi hiyo kinajulikana. Akili huenda kasi kuliko ulimi. Msemaji akitafuta neno, akili ya msikilizaji imekwisha kufika nyumbani, imekamua ng'ombe na kurudi. Siku hizi hairudi, maana njiani hukutana na simu. Wapo wanaojisifu kwamba wanayaweza yote mawili, kusikiliza na simu. Mshika mawili moja humponyoka, na linaloponyoka daima ni lile lisilotoa mlio.

Wala Wameru, wenyeji wa Arumeru, si wageni wa usikivu. Serikali ya kikoloni ilipowahamisha kwa nguvu kutoka ardhi yao ya Engare Nanyuki mwaka 1951 ili kuwapisha walowezi, walichanga fedha, na mwaka 1952 mwenzao Kirilo Japhet akaenda New York, pamoja na wakili Earle Seaton, kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Azimio la namna hiyo halizaliwi kwenye kikao ambacho kila mtu anapiga soga na jirani yake. Ardhi haikurudishwa wakati ule. Wakubwa wa dunia nao walisikia tu.

Lakini wasemaji nao wana dhambi yao. Mkutano wa saa tatu huanza saa sita kwa kuwa mgeni rasmi yuko njiani. Akifika, hutangazwa kwamba itifaki imezingatiwa, kisha viongozi hutajwa mmoja mmoja (kama imezingatiwa, inarudiwa ya nini?), na bwana shamba huachiwa dakika kumi huku harufu ya pilau ikiingia dirishani. Hata Mtume Paulo, alipohubiri hadi usiku wa manane kule Troa, kijana Eutiko alisinzia akaanguka kutoka orofa ya tatu. Ila Paulo alishuka, na kijana akainuka mzima. Karama hiyo wageni rasmi wengi hawana. Na posho ikishasainiwa, nusu ya viti hubaki vitupu.

Usikivu hufundishika. Simu ikae kikapuni, chini ya kitenge. Kisha mkulima aliyeelezwa kipimo akitaje tena kwa mdomo wake kabla ya kuondoka, kama muuzaji anavyohesabu chenji mbele ya mteja. Alipokosea hujulikana papo hapo, na bwana shamba naye hugundua alipoeleza vibaya. Mafunzo ya kantangaze yafaa yafanyike asubuhi, shambani penyewe, jani lenye kiwavi likipita mkono hadi mkono. Huko hata wasiofungua kinywa ukumbini huuliza maswali.